Tovuti mpya ya maandiko ya Kibuddha imezinduliwa na malalamiko yanamiminika: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtengenezaji wa tovuti hapa Dar es Salaam. Najitolea na kikundi kinachoweka mtandaoni maandiko ya Kibuddha ya Kipali, lugha ya kale ya maandiko hayo, kwa hati ya Kilatini na ya Kisinhala. Wasomaji wetu wengi wako Sri Lanka, Thailand na Ulaya. Jumamosi usiku tulizindua toleo jipya, na tangu hapo ni simu na barua pepe mfululizo. Wengine bado wanaona tovuti ya zamani, wengine wanaona ukurasa mweupe. Ukitafuta "satipatthana" bila vitone na vistari vya Kipali (satipaṭṭhāna) hupati kitu, wakati zamani ulikuwa unapata. Mtawa mmoja wa Kandy, Sri Lanka, anasema herufi za Kisinhala "zimevunjika". Viungo vya zamani vilivyomo kwenye makala za watafiti navyo vinaishia 404, yaani ukurasa haupatikani. Wenzangu wanataka turudishe toleo la zamani. Unashauri nini?

Jibu: Marahaba, na pole kwa wiki hii. Usirudishe toleo la zamani. Vivinjari vya wasomaji wako sasa vina mabaki ya matoleo mawili. Ukirudi nyuma utaongeza tabaka la tatu, na walioanza kuona toleo jipya ndio watakaokwama safari hii. Yote uliyoyataja yanatengenezeka hapo hapo mlipo.

Kabla hujagusa kitu, chukua nakala kamili ya data ya zamani na ya data mpya, uzihifadhi mahali ambapo hakuna skripti (programu fupi) yoyote inayoweza kuzifikia. Kisha iwashe tovuti ya zamani kwenye anwani ndogo ya pembeni, iwe ya kusoma tu, izuie isiingie kwenye injini za utafutaji, na uweke kiungo chake juu kabisa ya ukurasa wa kwanza wa tovuti mpya. Mtu anayeandaa mahubiri ya kesho asisubiri mpaka wewe umalize kutafuta kasoro.

Sasa, umeniorodheshea matatizo kwa kufuata wingi wa makelele. Mimi ningeanza na yule mtawa wa Kandy, ambaye yuko peke yake. Aliyeona ukurasa mweupe anajua hajapata kitu, atajaribu tena au atakuandikia. Anayesoma andiko lililoharibika kidogo hajui kama limeharibika. Atalinakili, atalisoma mbele ya watu, ataliweka kwenye kitabu chake. Kwenye tovuti ya maandiko, kasoro ya maandishi inatangulia kasoro nyingine zote, hata kama mlalamikaji ni mmoja.

Fungua Brahmajāla Sutta (sutta ni hotuba moja ya maandiko), ya kwanza katika Dīgha Nikāya, mkusanyo wa hotuba ndefu, kwa hati ya Kisinhala. Tazama neno la mwanzo la jina lake. Linatakiwa kuonekana hivi: බ්‍රහ්ම. Nina hakika kubwa kwamba kwenu linaonekana hivi: බ්රහ්ම. Katika la kwanza, sauti ya r imeungana na herufi ya kwanza na kuwa mkunjo mdogo chini yake. Katika la pili, herufi mbili zimesimama kila moja kivyake na alama ya kukata irabu imebaki inaning'inia juu. Kinachoziunganisha ni herufi isiyoonekana kwa macho, ambayo katika Yunikodi, mfumo wa kuzipa namba herufi za lugha zote, ni U+200D. Haina upana wala umbo, ila bila hiyo hati ya Kisinhala haiwezi kuandika maneno kama hayo ipasavyo.

Imepotelea wapi? Tafuta kwenye skripti iliyohamisha data. Wapo watengenezaji wengi wanaonakili mstari mmoja maarufu wa "kusafisha" maandishi, wenye muundo huu: `[\u200B-\u200D\uFEFF]`. Mstari huo hufuta kila herufi isiyo na upana. Kwa Kiingereza au Kiswahili hauna madhara. Kwa Kisinhala unafuta sehemu halali ya tahajia. Kwa hati ya Kithai, Kikhmer au Kiburma nako uwe mwangalifu, maana U+200B, herufi nyingine isiyoonekana, huwa imewekwa makusudi kuonyesha mahali pa kukata mstari, kwa kuwa lugha hizo haziachi nafasi kati ya maneno kama tunavyofanya sisi. Kwa hiyo ondoa mstari huo kabisa, uhamishe data upya kutoka kwenye nakala ya zamani, kisha uhesabu: U+200D zilikuwa ngapi kwenye faili la zamani la kila sutta, na sasa ziko ngapi. Hesabu hizo mbili zikitofautiana hata kwa moja, kuna kitu bado.

Na usijithibitishie mwenyewe kwa macho yako. Hapo Dar es Salaam mna hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na Wasinhala mwanzoni mwa karne ya 20. Nenda na simu yako, omba kwa heshima mtu aliyezaliwa na hati hiyo akusomee kurasa chache. Ataona katika dakika moja kitu ambacho mimi na wewe hatutakiona mwaka mzima.

Ukishaligundua hilo usiishie kwenye Kisinhala, kwa sababu skripti iliyokosea mahali pamoja huwa imekosea na pengine. Toa maandishi matupu ya kila sutta kutoka matoleo yote mawili, bila rangi wala vichwa, yapitishe kwenye mfumo mmoja wa Yunikodi, yaani NFC, ambao huandika herufi na alama yake kama herufi moja, kisha yalinganishe mstari kwa mstari kwa programu ya `diff`. Bila hatua ya NFC utapata maelfu ya tofauti za uongo, maana ā inaweza kuandikwa kama herufi moja, U+0101, au kama a ikifuatiwa na kistari chake, U+0304, na kwenye skrini zote mbili zinafanana kabisa.

Kuna sehemu mbili za Kipali zinazoharibika mara nyingi kuliko nyingine. Ya kwanza ni alama ya kifupisho, `…pe…`, inayomwambia msomaji kwamba kifungu kilichotajwa juu kinarudiwa. Skripti huiona kama mabaki ya uchapaji na kuifuta, na hapo hoja mbili ambazo hazikupakana zinaunganika kuwa sentensi moja. Ya pili ni mashairi. Angalia ubeti wa kwanza wa Dhammapada:

Manopubbaṅgamā dhammā,
manoseṭṭhā manomayā.

Kama mikato ya mistari ilihifadhiwa kwa alama ambayo toleo jipya haliifahamu, beti zote 423 zitakuwa zimegeuka nathari. Hakuna atakayekuandikia kulalamika, watu watadhani ndivyo mlivyoamua.

Kazi hii inachosha, najua. Mfalme Mindon wa Burma alipoagiza Tipitaka, mkusanyo mzima wa maandiko haya, ichongwe kwenye mabamba 729 ya marumaru huko Mandalay, kazi iliyokwenda kuanzia 1860 hadi 1868, maandishi yalipitiwa na kusahihishwa na watawa wasomi kwanza, ndipo yakapelekwa kwa wachongaji. Nyinyi mna nafuu, kompyuta inaweza kulinganisha usiku mmoja. Tena mna kipimo cha nje. Maandishi mengi ya Kipali yaliyomo mtandaoni yana asili katika toleo la Baraza la Sita la Kibuddha lililokutana Yangon kati ya 1954 na 1956, ambalo baadaye liliingizwa kwenye kompyuta na Vipassana Research Institute ya Igatpuri, India. Kama yenu yanatoka huko, linganisheni na chanzo, msilinganishe tu zamani na sasa. Mtakuta na makosa ya miaka iliyopita.

Tuje kwa wanaoona tovuti ya zamani. Naamini toleo lenu la zamani lilikuwa linasomeka bila intaneti. Hilo hufanywa na programu ndogo inayokaa ndani ya kivinjari, mara nyingi faili lake huitwa `sw.js`. Msomaji akifungua tovuti yenu, programu hiyo hudaka ombi kabla halijatoka kwenye simu na kumpa kurasa ilizokwisha kuhifadhi. Seva yenu haiulizwi chochote. Ndiyo maana kuwaambia watu "futa kashe, washa upya" hakusaidii wengi wao.

Hapa ndipo timu nyingi hukwama. Toleo jipya likiwa na programu yake ya jina lingine, tuseme `service-worker.js`, na lile faili la zamani likafutwa kwenye seva, mnadhani mmemaliza. Kumbe msomaji wa zamani hafiki kwenye toleo jipya hata kidogo, kwa hiyo toleo jipya haliwezi kumwambia lolote. Kitu pekee ambacho kivinjari chake bado kinakwenda kukiuliza seva ni lile faili la zamani, kwenye anwani ile ile ya zamani. Kikikuta 404, kinahesabu kwamba masasisho yameshindikana na kinaendelea na programu kilichonayo. Mmeufunga mlango pekee uliokuwa wazi.

Rudisheni `sw.js` kwenye anwani yake ya awali, lakini ndani yake muandike programu mpya yenye kazi chache: isisubiri zamu (`skipWaiting`), ifute hifadhi ya kurasa za zamani, ijiondoe yenyewe (`unregister`), kisha ifungue upya kurasa zilizo wazi. Kwenye mipangilio ya seva, faili hilo na kurasa zote za HTML ziwe na `Cache-Control: no-cache`, agizo la kukiambia kivinjari kiulize seva kwanza. Kama mnatumia huduma ya kusambaza kurasa kutoka seva za nchi mbalimbali, futeni nakala yake huko pia. Kivinjari hakishikilii nakala ya faili hilo kwa zaidi ya saa 24, kwa hiyo kila atakayetembelea tovuti baada ya hapo atafunguliwa bila kuelekezwa na mtu. Faili hilo liacheni hapo kwa miaka. Yuko msomaji atakayerudi baada ya miezi kumi na minane na simu ile ile.

Lakini kuwa na huruma katika kufuta. Yako makao ya watawa wa msituni, Sri Lanka na Thailand, ambako mtandao unashika kwa kubahatisha, na mtu amepakua Nikāya nzima kwa shida. Ukifuta hifadhi yote kwa mkupuo mmoja unamnyang'anya vitabu vyake. Tenganisha: futa hifadhi ya sura ya tovuti, acha ya maandiko, kisha toleo jipya libadilishe sutta moja moja pale tu msomaji anapokuwa na mtandao. Wenye iPhone wajulishwe kitu kingine: tangu 2020 Safari hufuta vilivyohifadhiwa namna hii kama mtu ametumia kivinjari kwa siku saba bila kuigusa tovuti hiyo. Wakiiweka kwenye skrini ya mwanzo kama programu, sheria hiyo haiwahusu.

Ukurasa mweupe ni ndugu wa tatizo hilo hilo. Kivinjari kimeshika HTML ya zamani, ambayo inaita mafaili ya JavaScript yenye majina ya zamani, nanyi mmeyafuta. Yarudisheni kwenye seva kando ya yale mapya, yakae miezi miwili au mitatu. Hayali nafasi ya kutisha.

Utafutaji. Zamani ulifanya kazi bila vitone, pengine bila mtu kupanga. Kama mnatumia hifadhidata ya MySQL, mipangilio ya `utf8mb4_unicode_ci` huichukulia ā kuwa sawa na a, na ukihamia `utf8mb4_bin` usawa huo unaisha. Lakini nisingependa mtegemee bahati hiyo tena. Tengenezeni safu ya pili ya maandishi kwa ajili ya kutafutia tu: geuzeni kila neno liwe NFD, ambako kila alama hutenganishwa na herufi yake, ondoeni alama zote zilizo kati ya U+0300 na U+036F, wekeni herufi ndogo. Ombi la msomaji lipitie njia ile ile kabla ya kulinganishwa. Hapo ṃ ya nukta chini na ṁ ya nukta juu, ambazo kila mchapishaji ana yake, zitakutana zote kwenye m. Ile ŋ ya vitabu vya zamani vya Pali Text Society, wachapishaji wa maandiko ya Kipali, haitengani kwa njia hiyo, iandikieni kanuni yake.

Watu huandika pia "satipatana" na "vipasana". Ni kweli mnaweza kuondoa h na herufi zilizorudiwa ili kuwasaidia, lakini fanyeni hivyo pale tu utafutaji wa kwanza umerudi mikono mitupu. Ukiondoa herufi zilizorudiwa tangu mwanzo, kamma na kāma vyote vinakuwa "kama", na mtu anayetafuta mafundisho juu ya matendo anapewa orodha ndefu juu ya tamaa za mwili. Aliyejitaabisha kuandika vitone naye apewe kwanza matokeo yanayolingana navyo herufi kwa herufi.

Maadamu tuko kwenye vitone: angalia fonti. Kama mlipakia kipande cha "latin" peke yake, herufi ñ itakuwamo, ila ā, ṭ, ḍ, ṇ, ḷ hazitakuwamo, na kivinjari kitaziazima kwenye fonti nyingine. Neno moja linakuwa na sura mbili. Ongezeni kipande cha "latin-ext", imekwisha.

Viungo vya watafiti ni deni la heshima. Mtu aliyetaja ukurasa wenu kwenye tasnifu yake aliwaamini kwamba mtakuwepo. Msianze kukisia viungo gani vilikuwapo. Chukueni kumbukumbu za seva za mwaka mzima uliopita, toeni kila anwani iliyowahi kufunguliwa ikajibu vizuri, ondoeni zilizojirudia, kisha muipitishe orodha yote kwenye tovuti mpya kwa skripti. Kila inayorudisha 404 iandikiwe mwelekeo mpya. Anzeni na 302, ambayo ni ya muda. Mkisharidhika baada ya wiki kadhaa, geuzeni kuwa 301, ambayo ni ya kudumu. Vivinjari hukumbuka 301 kwa muda mrefu sana, na ukikosea mwelekeo kwa 301 huwezi kumfikia msomaji kumrekebishia.

Kuna mitego miwili hapo. Sutta fupi fupi za Aṅguttara Nikāya (AN), kama AN 1.1 hadi 1.10, mara nyingi huwekwa kwenye ukurasa mmoja, kwa hiyo kiungo cha AN 1.5 hakitoshi kuelekezwa kwenye ukurasa, lazima kimfikishe mtu kwenye kifungu chenyewe. Pili, chochote kinachokuja baada ya alama ya # hakifiki kwenye seva. Kama mmebadilisha majina ya vifungu ndani ya ukurasa, orodha ya kubadilishia lazima ikae kwenye JavaScript ya ukurasa wenyewe.

Tena watafiti wengi hawatumii namba za sutta. Wanataja juzuu na ukurasa wa toleo la Pali Text Society, chama kilichoanzishwa London mwaka 1881. Kwao sutta ya Dhammacakkappavattana ni S V 420 (Saṃyutta, juzuu la tano, ukurasa 420), ile ile mnayoiita SN 56.11, na Satipaṭṭhāna ya Majjhima, MN 10, ni M I 55. Kisanduku chenu cha kutafutia kikielewa namna zote mbili mtakuwa mmewatendea wema mkubwa. Kwa muda mrefu zaidi, igeni mfano wa SuttaCentral, tovuti nyingine ya maandiko ya Kibuddha: maandishi yanakaa kwenye mafaili yake mbali na mapambo ya ukurasa, na kila sentensi ina utambulisho wake, mfano `mn10:1.1`. Sura ya tovuti ikibadilika mara kumi, utambulisho unabaki ule ule.

Kuhusu siku ya kuzindua, Jumamosi usiku haikuwa rafiki yenu. Mlikuwa mmechoka, na wenye kujibu barua walikuwa wamelala. Safari ijayo chagueni Jumanne au Jumatano, saa tatu asubuhi ya Dar es Salaam. Colombo itakuwa saa tano na nusu asubuhi, watawa wako kwenye mlo wao wa mwisho wa siku, ambao lazima uishe kabla ya adhuhuri, na Ulaya ndiyo kwanza inaamka. Epukeni wiki ya Vesak, sikukuu kuu ya Kibuddha ya mwezi mpevu wa Mei, maana hapo wanafika wasomaji wasiofika siku nyingine, na wengi kwa simu za bei nafuu. Nunueni simu moja ya namna hiyo, hata iliyokwisha kutumika, muijaribie kila kitu. Siku moja au mbili kabla, punguzeni muda wa rekodi za DNS, zinazoelekeza jina la tovuti kwenye seva yake, hadi sekunde 300. Na asubuhi ya uzinduzi angalieni `robots.txt`: tovuti nyingi hutoka kwenye majaribio zikiwa bado na agizo la kuzizuia injini za utafutaji.

Fomu ya malalamiko igawanyeni mara mbili, ya kasoro za tovuti na ya makosa ya maandishi. Ya kwanza iulize aina ya simu, kivinjari, anwani ya ukurasa, na iombe picha ya skrini. Ya pili iende kwa mtu anayesoma Kipali, naye awe na uwezo wa kuwazuia nyinyi mafundi msitoe toleo mpaka aridhike.

Mwandikie mtawa wa Kandy leo, kabla hujaanza kutengeneza. Mshukuru, mwambie mmekuta nini, muombe akutajie kurasa nyingine tatu au nne alizoziona hivyo, maana ndizo utakazozipima kwanza skripti mpya ikimaliza. Tovuti ya zamani pale pembeni isizimwe mpaka ulinganisho wa sutta zote urudi bila tofauti isiyoelezeka na yeye mwenyewe awe amesoma.